MALI BILA DAFTARI: SIKUKUU NI MSIMU WA WATEKAJI WA KOMPYUTA, NA MSHAHARA NDIO UNAOTEKWA



Miezi ya Novemba na Desemba, katika viwanda na mashamba yetu, ni miezi ya hesabu. Ndiyo miezi ya kufunga vitabu vya mwaka, ya kudai malimbikizo ya likizo, ya kulipwa saa za ziada tulizofanya ili mizigo ya wateja itoke kabla ya Krismasi. Ndiyo miezi ambayo kila baba na kila mama mwenye kazi anajua mapema mshahara wa Desemba utakwenda wapi: nauli ya kwenda kijijini, nguo za watoto, nyama ya sikukuu, na baada ya hapo karo ya shule. Mshahara huo ukichelewa wiki mbili, mfanyakazi hakosi starehe tu. Anaingia katika deni ambalo huenda akalilipa mpaka Pasaka.

Basi miezi hiyo hiyo inapendwa pia na wezi wa aina mpya. Wezi hao hawavunji mlango wa ghala, wala hawamfungi mlinzi kamba. Huingia katika kompyuta za kampuni kwa njia ya mtandao, huzifunga kwa fumbo ambalo wao peke yao wana ufunguo wake, kisha humwachia mwenye kampuni barua juu ya kioo: lipa, ama hutaziona tena hesabu zako. Mafundi huiita programu hiyo ransomweya. Sisi tuuite uovu huu kwa jina linaloeleweka, yaani utekaji wa kompyuta. Jambazi humteka mtu akadai kikomboleo. Hawa huteka daftari.

Maoni yetu ni haya. Utekaji wa kompyuta si jambo la mafundi na wakurugenzi peke yao. Ni jambo la chama cha wafanyakazi, kwa sababu daftari linalotekwa ndilo lenye siku zetu, kilo zetu, saa zetu na makato yetu. Na wakati wa kulishughulikia ni sasa, kabla ya sikukuu, si ile siku ya malipo tutakapokusanyika mbele ya dirisha la ofisi na kuambiwa kwamba mtambo umekufa.

KWA NINI WANANGOJA SIKUKUU

Mwizi wa zamani alingoja usiku wa giza. Mwizi wa kompyuta anangoja kalenda. Anajua kwamba ikifika Ijumaa jioni meneja ameondoka, fundi wa kompyuta amekwenda kwao, na aliyebaki kiwandani ni mlinzi wa lango pamoja na zamu ndogo ya kulinda mitambo isipoe. Kompyuta zikianza kufungwa moja baada ya nyingine saa nane ya usiku, nani ataona? Na akiona, atampigia nani simu?

Jambo hili si la kukisia. Mwaka 2021 peke yake lilionekana mara tatu mfululizo huko Marekani. Ijumaa tarehe 7 Mei, mwishoni mwa wiki ya Sikukuu ya Akina Mama, kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline ilijikuta imetekwa. Bomba lake, linalopeleka karibu nusu ya mafuta yanayotumika mashariki ya nchi hiyo, likafungwa kwa siku kadhaa, na watu wakapanga foleni katika vituo vya petroli. Kampuni ililipa kikomboleo cha dola zipatazo milioni 4.4. Jumapili tarehe 30 Mei, siku moja kabla ya sikukuu yao ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, ilitekwa kampuni kubwa ya nyama ya JBS. Viwanda vyake vya Marekani, Canada na Australia vikasimama, zamu zikafutwa, na wachinjaji na wakataji nyama wakaambiwa wabaki nyumbani. Kampuni hiyo ililipa dola milioni 11. Kisha Ijumaa tarehe 2 Julai, Wamarekani wakijiandaa kwa Siku yao ya Uhuru, wezi waliipitia kampuni ya programu iitwayo Kaseya, na kwa mlango huo mmoja wakaingia katika biashara zipatazo 1,500 katika nchi mbalimbali. Huko Sweden, maduka yapatayo 800 ya Coop yalifunga milango kwa sababu mashine za kupokelea fedha zilikataa kufanya kazi.

Baada ya hayo matatu, tarehe 31 Agosti 2021, polisi wa upelelezi wa Marekani na idara ya ulinzi wa mitandao ya nchi hiyo walitoa onyo la pamoja kwa wenye makampuni: jihadharini na sikukuu na siku za mwisho wa wiki, maana ndiyo saa ya mwizi.

Lakini tusidhani kwamba mwizi anafika siku hiyo hiyo ya sikukuu. Mara nyingi ameingia wiki nyingi kabla. Ameingia kwa barua pepe iliyojifanya ni ankara ya mteja, au kwa neno la siri lililovuja na ambalo hakuna aliyejali kulibadilisha. Katika mkasa wa Colonial Pipeline mlango ulikuwa akaunti ya zamani isiyotumika tena, ambayo haikuzimwa, na ambayo neno la siri moja tu lilitosha kuifungua. Mwizi akishaingia hutulia kama chatu. Hutembea kutoka kompyuta moja hadi nyingine, hutafuta mahali nakala za akiba zilipowekwa na kuziharibu, huiba orodha za watu na fedha, kisha hungoja siku ambayo nyumba haina mtu. Sikukuu ni siku ya kuvuna tu. Kupanda alipanda zamani.

YALIYOWAPATA WENZETU DESEMBA 2021

Katika mikasa yote hiyo mwenye mali alilia hasara. Upo mkasa mmoja ambao kila mwanachama wetu anapaswa kuujua, kwa sababu ndani yake aliyelia zaidi alikuwa mfanyakazi.

Huko Marekani iko kampuni iitwayo UKG, yenye mtambo wa Kronos. Kazi ya mtambo huo ni kuhesabu saa za wafanyakazi wa makampuni mengine. Mfanyakazi anagonga kadi akiingia, anagonga akitoka, na hesabu inakwenda mbali, katika kompyuta za Kronos, ambako saa zake za kawaida, saa za ziada na zamu za usiku zinajumlishwa tayari kwa malipo. Waajiri wengi waliutegemea mtambo huo: mahospitali, serikali za miji, mamlaka ya uchukuzi ya New York, na makampuni makubwa kama PepsiCo na Tesla.

Jumamosi tarehe 11 Desemba 2021, wiki mbili kabla ya Krismasi, sehemu kubwa ya mtambo huo ilitekwa. Kampuni ikawatangazia wateja wake kwamba kazi ya kuurudisha ingeweza kuchukua wiki kadhaa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa, mpaka ndani ya Januari 2022.

Sasa fikirini, ndugu. Ni Desemba. Mahospitali yamejaa wagonjwa wa Korona, wauguzi wanafanya zamu mbili mbili. Siku ya malipo inafika na mwajiri hajui nani alifanya saa ngapi. Wengi walifanya nini? Walichukua malipo ya kipindi kilichopita wakayarudia vile vile. Aliyekuwa likizoni kipindi kile na sasa amefanya kazi usiku na mchana, akalipwa kama mtu wa likizo. Aliyefanya saa nyingi za ziada, akalipwa bila saa hizo. Na wako waliolipwa zaidi ya haki yao, ambao baadaye walidaiwa kurudisha. Vyama vya wafanyakazi vililalamika, kesi zikafunguliwa dhidi ya waajiri na dhidi ya kampuni yenye mtambo, na mwaka 2023 UKG ilikubali kulipa hadi dola milioni 6 ili kumaliza madai. Lakini fedha za mahakama za mwaka 2023 hazikununua chakula cha Krismasi ya mwaka 2021.

Tuangalie vizuri funzo la mkasa huo. Wauguzi wale hawakuwa wamefungua barua yoyote ya hatari. Waajiri wao wenyewe hawakuwa wametekwa. Aliyetekwa alikuwa mtu wa tatu, mshika daftari, aliye mbali na asiyejulikana kwa mfanyakazi hata kwa jina. Na hata hivyo mzigo wote ulitua juu ya mabega ya mwenye kadi. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

HATA HUKU KWETU AFRIKA

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya Wazungu. Nasi tunawajibu kwa mifano ya karibu.

Tarehe 25 Julai 2019, shirika la umeme la jiji la Johannesburg, City Power, lilitekwa. Tarehe 25 ni siku ambayo wafanyakazi wengi wa Afrika Kusini hupokea mshahara, na ndiyo siku ambayo wengi hununua umeme wa kulipia kabla. Mtambo wa kuuza umeme ukawa umefungwa, na watu wenye fedha mkononi wakalala gizani.

Julai 2021 ilikuwa zamu ya Transnet, shirika la bandari na reli la Afrika Kusini. Bandari za Durban, Cape Town na nyinginezo zilirudi katika kazi ya karatasi na kalamu, na shirika likatangaza kwamba haliwezi kutimiza mikataba yake kwa sababu ya dharura. Durban ni mlango wa shaba ya Zambia na ya Congo, na ndiko unakopita mzigo mwingi unaokwenda nchi zisizo na bahari. Gati likisimama kule, kuna kuli na dereva na mchimbaji wa nchi nyingine anayeulizwa abaki nyumbani.

Na Mei 2022 wezi waliingia katika baadhi ya mitambo ya Benki Kuu ya Zambia. Benki hiyo ilitangaza hadharani kwamba haikulipa hata senti moja, kwa sababu ilikuwa imeilinda mitambo yake ya msingi. Kundi lililohusishwa na wizi huo, liitwalo Hive, lilivunjwa Januari 2023, pale polisi wa nchi kadhaa walipoziteka kompyuta zake na kuwapa waliotekwa funguo zao. Mwizi wa mtandao ana mbio, lakini si jini. Anaweza kukataliwa, na anaweza kukamatwa.

“SISI WA SHAMBANI INATUHUSU NINI?”

Swali hili linaulizwa na ndugu zetu wa mashamba ya chai na ya miwa, na ni swali la haki. Mchuma chai hana kompyuta. Ana kikapu mgongoni na mvua kichwani.

Lakini tufuate kilo moja ya majani mabichi. Katika mashamba mengi siku hizi kikapu kinawekwa juu ya mizani ya elektroniki. Kilo zinaandikwa na mashine, pamoja na namba ya mchumaji. Usiku zinakwenda katika kompyuta ya ofisi, zinajumlishwa, makato ya akiba ya uzeeni na ya chama yanatolewa, na mwisho wa mwezi fedha zinatumwa benki au katika simu ya mchumaji. Katika safari yote hiyo, mchumaji ameshika nini mkononi? Mara nyingi hakuna. Kilo zake za mwezi mzima zimekaa mahali pamoja, na mahali hapo ndipo mwizi anapopapenda.

Wazee wetu walijua hali nyingine. Manamba waliotoka Burundi, Msumbiji na pembe zote za Tanganyika kwenda kukata mkonge walikuwa na kipande, kadi ya siku 30 iliyotiwa alama kila kazi ya siku ilipokamilika. Hatukisifu kipande. Mkoloni alikitumia kumbana mfanyakazi, na mnyapara mwenye chuki aliweza kumnyima mtu alama yake. Lakini alama ikishatiwa, mfanyakazi aliweza kuihesabu mwenyewe. Hakuna mwizi wa ng'ambo aliyeweza kufunga vipande vya shamba zima kwa usiku mmoja.

Hatuombi kurudi nyuma. Mizani ya elektroniki, ikipimwa vizuri, inaweza kumlinda mchumaji na karani mwenye kidole kizito. Tunachosema ni kwamba maendeleo yaliyomwondolea mfanyakazi ushahidi wake mkononi hayajakamilika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho letu ni mali. Basi daftari lake lisiwe moja tu, na lisiwe la upande mmoja tu.

KARANI ASITWISHWE MZIGO WOTE

Kila utekaji unapotokea, mwenye kampuni hutafuta mkosaji wa karibu. Na wa karibu kila mara ni karani wa ofisi au dada wa mapokezi aliyefungua barua pepe. Anaitwa mzembe, anasimamishwa kazi, na jambo linahesabiwa limekwisha.

Sisi tunapinga. Karani anapokea barua nyingi kila siku, na kazi yake ni kuzifungua. Desemba zinakuja nyingi zaidi: ankara za mwisho wa mwaka, salamu za heri, taarifa za mizigo iliyochelewa. Mwizi anaijua kazi ya karani kuliko meneja anavyoijua, naye hutengeneza barua inayofanana na hizo. Ikiwa kampuni nzima inaweza kuangushwa na kidole kimoja cha mtu mmoja aliyechoka, kosa liko kwa aliyeijenga kampuni namna hiyo: aliyeacha kununua marekebisho ya programu, aliyemwachisha fundi wa pili ili kubana matumizi, aliyeweka nakala za akiba katika mtandao ule ule unaotekwa.

Tena, hofu ya adhabu ni rafiki wa mwizi. Karani anayeogopa kufukuzwa, akiona kioo kinafanya mambo ya ajabu Ijumaa jioni, atazima kompyuta aende nyumbani akiomba Mungu. Karani anayejua kwamba hataadhibiwa atapiga simu dakika ile ile. Katika utekaji, dakika zile ndizo zinazotenganisha kompyuta mbili zilizoharibika na mia mbili.

FUNZO KUTOKA NORWAY

Tarehe 19 Machi 2019 kampuni ya aluminiamu ya Norsk Hydro ya Norway, yenye wafanyakazi wapatao 35,000 katika nchi 40, ilitekwa. Mwizi alikuwa ameingia miezi kabla, ndani ya barua pepe iliyotoka kwa mteja anayeaminika. Kampuni ilikataa kulipa kikomboleo, ikasema wazi kwa umma yaliyotokea, na ikarudisha mitambo yake kwa kutumia nakala za akiba. Hasara ilikadiriwa kupita dola milioni 60.

Lakini nani aliyeshika viwanda wakati kompyuta zimekufa? Milangoni yalibandikwa matangazo ya karatasi ya kuwaambia watu wasiwashe kompyuta. Mitambo mingi iliendeshwa kwa mkono. Maagizo ya kazi yalitafutwa katika karatasi za zamani. Na wastaafu, watu waliojua kazi ilivyofanywa kabla ya kompyuta, walirudi kusaidia. Siku ile mali ya thamani kubwa kuliko zote katika kampuni ilikuwa ujuzi ulio katika vichwa na mikono ya wafanyakazi wake.

Wenye viwanda wa huku kwetu walifikirie hilo wanapowapunguza kazi wazee wa mitambo kwa hoja kwamba mashine sasa inajua kila kitu. Mashine inajua mpaka itakapotekwa.

MAMBO SITA YA KUDAI

Matawi yetu yanapokaa mezani na waajiri kuzungumzia mkataba wa hali bora, na hata kabla ya hapo katika vikao vya kawaida, tunapendekeza yadai haya:

Kwanza, kila mfanyakazi apewe karatasi ya mshahara kila anapolipwa, na kila mchumaji na mkata miwa apewe stakabadhi ya kilo au ya kazi yake kila jioni. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupata maelezo ya maandishi ya malipo na makato yake. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa mishahara, nao unataka mishahara ilipwe kwa vipindi vya kawaida na mfanyakazi ajulishwe mafungu yake. Hatuombi zawadi.

Pili, hesabu za mahudhurio na mishahara ziwe na nakala ya akiba iliyochomolewa kabisa katika mtandao na kufungiwa kabatini. Nakala hiyo itengenezwe upya kila wiki, na kabla ya kila sikukuu ndefu ijaribiwe mbele ya mjumbe wa chama. Nakala isiyojaribiwa ni kama mtungi wa kuzimia moto ambao hakuna anayejua kama una dawa ndani.

Tatu, kuwe na makubaliano yaliyoandikwa kuhusu siku ya mkasa. Kampuni ikitekwa, yenyewe au mshika daftari wake, kila mtu alipwe siku ile ile ya kawaida, si chini ya alivyolipwa mwezi uliotangulia, kwa mkono kama hapana budi. Saa za ziada zihesabiwe baadaye kwa daftari za wasimamizi na za wafanyakazi, mjumbe wa chama akiwapo. Atakayekuwa amezidishiwa asikatwe kwa mkupuo. Na kikomboleo, kama mwenye kampuni ataamua kukilipa, kisitoke katika mfuko wa mishahara. Hatari ya biashara ni ya mwenye faida ya biashara.

Nne, sikukuu isiachwe tupu. Awepo fundi wa zamu, na namba ya simu ibandikwe mahali ambapo mlinzi na msimamizi wa zamu wanaiona. Atakayekaa zamu hiyo alipwe kwa kiwango cha sikukuu.

Tano, mafunzo yatolewe ndani ya saa za kazi kwa kila anayegusa kompyuta, na mkataba useme wazi kwamba anayeripoti kosa lake mapema haadhibiwi.

Sita, taarifa zetu zikiibwa tuambiwe. Kompyuta ya mishahara ina namba zetu za vitambulisho, za simu na za benki, na watekaji wa siku hizi huiba kabla ya kufunga. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa taarifa za watu, ya mwaka 2019, inamtaka mwenye kushika taarifa atoe habari kwa mamlaka zinapovamiwa. Mfanyakazi asisikie redioni kwamba namba yake inauzwa.

NA SISI WENYEWE

Kudai peke yake hakutoshi. Kila mwanachama anunue daftari dogo la shule. Aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kilo au vipimo, na jina la msimamizi wa siku hiyo. Asiyejua kuandika aandikiwe na jirani yake katika mstari wa kazi. Karatasi za mshahara zikunjwe ziwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, si chini ya godoro linalovuja.

Aliye ofisini asichomeke simu yake kwenye kompyuta ya mishahara kwa ajili ya kuichaji. Asitumie neno la siri moja kwa kila kitu. Akipokea barua inayoharakisha, inayosema lipa leo, fungua sasa, bosi ameagiza, basi asiifungue bali amwulize bosi huyo kwa simu au kwa miguu. Haraka haraka haina baraka, na mwizi wa mtandao anaishi kwa haraka za watu wengine.

Wajumbe wa matawi, kabla ya tarehe 10 Desemba mwulizeni meneja maswali matatu tu. Nakala ya akiba ya mishahara iko wapi? Mara ya mwisho ilijaribiwa lini? Kompyuta zikifungwa usiku wa Krismasi, tutalipwaje? Akijibu vizuri, mpongezeni na mwandikeni katika kumbukumbu za kikao. Akisema hilo si jambo lenu, mwambieni habari za wauguzi wa Marekani waliofanya zamu mbili mbili wakalipwa kama watu wa likizo.

Jasho limekwisha kutoka. Kilichobaki ni kulilinda daftari lake. Shime, ndugu, tuanze wiki hii.